Maandishi ni yako, na njia ya kuyatoa iwe yako

Anayeandika mambo yake kwenye Notes, programu inayokuja na iPhone na kompyuta za Mac, ndiye mwenye maandishi hayo. Lakini umiliki wa kitu usichoweza kukitoa chote kwa mkupuo ni umiliki nusu. Kwenye Mac, maandishi hayo hukaa ndani ya hifadhidata iitwayo NoteStore.sqlite. Ukiifungua utaviona vichwa vya madokezo, ila matini yenyewe imebanwa na kupangwa kwa namna isiyosomeka kwa macho. Mwalimu aliyeweka humo maandalio ya miaka mingi, asipokuwa na njia nyingine, ataishia kufungua dokezo moja moja na kunakili. Ndiyo maana naamini kila programu ya aina hii inapaswa kuruhusu skripti, yaani amri fupi anazoziandika mtumiaji, zisome data yake.

Kwa Mac jambo hilo linawezekana. Apple ilitoa lugha ya AppleScript mwaka 1993, na kwa mistari michache tu mtu anaweza kuiagiza Notes ipitie folda zote, itoe kichwa cha kila dokezo, tarehe lilipoandikwa na matini yake katika HTML, kisha yote yahifadhiwe kwenye faili za kawaida. Picha na viambatisho vinadai kazi ya ziada. Hata hivyo, njia hii ni salama kuliko kuchokonoa hifadhidata, kwa kuwa programu yenyewe ndiyo inayojibu. Mpangilio wa ndani ukibadilishwa, skripti haiharibiki ovyo.

Wapo watakaohofia kwamba mlango huo utawafaa wezi. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni ruhusa: tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, mfumo humuuliza mwenye kompyuta kabla programu moja haijaiamuru nyingine. Wengine watasema iCloud, huduma ya Apple ya kuhifadhi data mtandaoni, inatosha. Haitoshi, kwa sababu kazi yake kwa madokezo ni kuvilinganisha vifaa: ukifuta dokezo kwenye simu, linaondoka na kwenye kompyuta, na muda wa kulirejesha ni siku 30 hivi. Na asiyejua kuandika skripti hapotezi kitu, maana mjuzi mmoja ofisini huiandika na wenzake wote wakaitumia.

Sheria nayo imeanza kuelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupokea data zake binafsi katika mpangilio unaosomeka na mashine. Vijana wanaotengeneza programu Nairobi na Dar es Salaam wasingoje kushurutishwa: waweke njia ya kutoa data tangu toleo la kwanza. Nasi watumiaji, kabla ya kuikabidhi programu yoyote kazi ya miaka, tuulize kwanza tutaitoaje.