Jani la Isale

Muhula uliopita, tulipokutana kwa chai, mazungumzo yaliangukia ugomvi wa nyumbani: ule tunaodhani tumeukimbia, kumbe tumesafiri nao. Mwenzetu mmoja, binti wa Kichaga aliyezaliwa hapa Uingereza, alitueleza kwamba baba yake na baba yake mkubwa hawajasalimiana kwa miaka 9. Chanzo ni mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa ambalo ukoo hurithishana na kuzikana humo.

Wachaga wa Kilimanjaro wana dawa ya jambo hili, nayo ni jani. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekosa huchuma jani lake na kumpelekea aliyemkosea, kwa mkono wake au wa mtu anayeheshimika. Hahitaji hotuba. Na anayepelekewa, kwa mila, hawezi kulikataa, maana atakuwa hakumkataa ndugu yake tu, amewakataa na waliolala chini ya isale.

Hapo ndipo ilipo imani yenyewe. John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba wafu wanaokumbukwa bado wamo katika familia. Basi ugomvi wa ndugu wawili si wa wawili. Ndiyo maana upatanisho huwa mbele ya ukoo, kwa mbuzi na mbege, na waliogombana wakala pamoja. Wachaga wengi leo ni Walutheri na Wakatoliki; wapo wanaoliona isale kuwa mambo ya kale, na wapo wanaotoka kanisani wakaenda kulichuma.

Tusidanganyane, jani halimalizi kesi ya mpaka. Hufungua mlango wa kikao tu. Wala si kila jeraha ni la jani. Mtoto aliyeumizwa na mkubwa wake asilazimishwe kusamehe ili ukoo upate amani. Huyo anastahili kulindwa kwanza, na sheria ifuate mkondo wake.

Turudi kwa mwenzetu. Baba yake, kwa kuwa nauli ni kubwa na aibu ni kubwa zaidi, alimwomba mpwa wake aliyeko kijijini apige picha ya isale na kumtumia kaka yake kwa simu. Jibu lilikuja usiku uleule: “Isale halitumwi kwa simu. Njoo nalo.”

Mzee alikasirika, akasema amekataliwa. Binti ndiye aliyemfumbua macho: “Baba, haya ni maneno ya kwanza kutoka kwake kwa miaka 9. Na amesema njoo.”

Tiketi imekwishakatwa, ya Desemba, wakati Wachaga wanaporudi kwao kwa sikukuu. Mzee bado analalamika kuhusu bei, lakini begi lipo mlangoni. Sisi tunaobaki huku na baridi yetu, tujiulize ni nani anayesubiri jani kutoka kwetu. Habari za safari tutawaletea Januari, tukijaliwa.