Umeme si Kupanda Nguzo Tu

 

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, lakini nyumbani ni kwingine. Leo twende Bukura, Kakamega, mahali ambapo jina la chuo cha kilimo limewafanya wengi wadhani kwamba elimu ya huko huanza kwa jembe na kuishia kwa ng'ombe. Yuko mzazi mmoja mwenye boma huko, naye anafanya kazi mjini. Binti yake anaingia Gredi ya 10 na anataka kufuata njia ya sayansi, kisha asomee uhandisi wa umeme. Baba hataki. Anauliza, "Msichana wangu akapande nguzo?" Mama yuko upande wa binti, ila hana jibu la kumpa mumewe.

Hebu tumsaidie mama huyo, maana swali hili limo katika nyumba nyingi.

Uhandisi wa umeme una matawi. Liko lile la nyaya nene na mabwawa kama Turkwel na Kiambere. Liko na jingine linaloshughulikia umeme mdogo kabisa, ule utokao katika betri inayotoshana na sarafu. Katika tawi hili mhandisi haongezi umeme, bali huubana, kama vile mama anavyopima unga ufike mwisho wa mwezi.

Mwanafunzi, chukua kalamu. Betri ndogo ya duara iitwayo CR2032 hubeba takriban miliampea-saa 225. Chombo kinachokula miliampea 5 mfululizo kitaimaliza kwa saa 45, yaani hata siku mbili hazitimii. Sasa mhandisi akifundishe chombo hicho kulala. Kiamke kwa muda mfupi, kipime, kisha kilale tena, mpaka wastani wa ulaji wake uwe miliampea 0.01. Kwa hesabu ya karatasi, betri ile ile itadumu saa 22,500, zaidi ya miaka miwili na nusu! Tena, katika saketi za tarakimu, ukipunguza volteji kwa nusu, umeme unaoliwa katika kila hatua ya kazi hubaki robo. Haya yote hayahitaji misuli ya kupandia nguzo. Yanahitaji hesabu, fizikia na subira.

Je, kuna Mwafrika aliyefika mbali kwa kazi hii? Yuko Profesa Kofi Makinwa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1985 na ya pili mwaka 1988 katika chuo kikuu cha Ife, Nigeria, kiitwacho Obafemi Awolowo. Alikwenda Uholanzi na tangu 1989 hadi 1999 akafanya kazi katika maabara za Philips. Mwaka 1999 akahamia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, akapata uzamifu mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: miaka 16 baada ya shahada ya pili. Mvumilivu hula mbivu.

Alishughulikia nini? Alitengeneza kipimo cha upepo kisicho na kitu kinachozunguka. Kipande cha silikoni hupashwa moto kidogo. Upepo ukivuma, upande unaoukabili hupoa kuliko upande wa nyuma, na tofauti hiyo husema upepo unatoka wapi na una kasi gani. Mwaka 2005, yeye na wenzake Michiel Pertijs na Johan Huijsing walichapisha habari za kihisi cha joto kinachokosea kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii, tangu nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125. Mama aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa anajua thamani ya kipimo kisichodanganya.

Tukirudi kwetu Afrika Mashariki, vihisi tayari vinavaliwa mwilini. Mkenya Roy Allela, ambaye mpwa wake alizaliwa bila kusikia, alibuni glavu zenye vihisi vinavyopima jinsi kila kidole kinavyopinda. Habari huenda kwenye simu, na simu hutamka neno. Huko Makerere, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo walibuni koti la kusaidia kutambua nimonia kwa watoto, wakaliita Mama-Ope.

Je, kazi imekwisha? La! Lugha ya ishara hutumia pia uso na mabega, na glavu haivioni. Na kifaa kinachotaka kuchajiwa kila jioni, katika nyumba ambayo umeme hupotea mvua inyeshapo, kitaishia kabatini.

Hata ng'ombe wanahusika. Ng'ombe akiingia joto usiku na mwenye boma asitambue, atangoja takriban siku 21 nyingine. Hizo ni wiki tatu za maziwa na karo zilizopotea. Ukanda wa shingoni wenye kihisi huweza kuonyesha kwamba mnyama anahangaika kuliko kawaida, mradi betri yake idumu. Mtoto aliyekulia Bukura anaijua hasara hiyo kuliko mhandisi wa mbali.

Baba atauliza, "Kazi ziko wapi?" Ni swali la haki. Kazi za kutengeneza vipande hivi hapa Kenya bado ni chache, na asiyesema hivyo anakudanganya. Lakini katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, ilianzishwa kampuni ya Semiconductor Technologies Limited kwa kazi hiyo hiyo. Na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, pale pale Kakamega, hufundisha uhandisi wa umeme na mawasiliano.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kukata shauri, tazama alama za mtoto katika hesabu na sayansi, zungumza na mwalimu wake, kisha msikilize mtoto mwenyewe. Njia ikiisha kuchaguliwa, kurudi nyuma ni vigumu. Nawe mwanafunzi, usingoje chuo kikuu. Fungua redio mbovu iliyotolewa betri, na umwulize mwalimu wa fizikia kila kipande kinafanya nini.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.