Umati wa Malinya si Ikolomani nzima

Siku ya mchezo wa fahali, uwanja wa Malinya, Ikolomani, magharibi mwa Kenya, hujaa mapema asubuhi. Ngoma za isukuti zinalia, vijana wanakimbia kando ya fahali wao, na mtafiti mwenye fomu anaweza kuhoji mamia ya watu kabla jua halijawa kali. Kisha anaandika: wakazi wa Ikolomani wanasema hivi.

Hapo ndipo ninapomkatalia. Wengi wa wanaofika uwanjani ni wanaume. Mama anayeponda mawe ya dhahabu ili apate karo hakuulizwa, wala mzee asiyeweza kutembea. Mtafiti akihoji wengine elfu moja palepale, waliosahaulika watabaki walewale.

Kosa hili si geni. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni takriban milioni 10 na kupata majibu milioni 2.4, likatangaza kuwa mgombea Landon angemshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na enzi zile za mdororo wa uchumi maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Isitoshe, wengi waliotumiwa karatasi hawakujibu.

Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulihoji kaya 37,911 pekee, katika nchi iliyohesabu watu 47,564,296 kwenye sensa ya 2019. Ninauamini kuliko umati wowote wa uwanjani. Maeneo 1,692 yaliteuliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha iliyojengwa juu ya sensa, na katika kila eneo ikapangwa kuteua kaya 25, ingawa si zote zilizohojiwa. Mhoji hakuruhusiwa kubadilisha nyumba. Akikuta mlango umefungwa, hakuweza kuhamia kwa jirani kwa sababu tu jirani yupo na amemkaribisha chai. Kazi hiyo ni ghali na inachosha, lakini ndiyo inayompa yule mama nafasi ya kusikika.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inadai ukubwa wa sampuli na kiwango cha makosa vitajwe. Ni vyema, ila havitoshi. Kiwango cha makosa hupima bahati ya uteuzi tu. Hakimpimi aliyeachwa nje ya orodha tangu mwanzo, kama asiye na simu pale mahojiano yanapofanywa kwa simu.

Jambo hili lina uzito Ikolomani, ambako kampuni ya Shanta Gold inataka kuchimba dhahabu na familia zinawazia kuhama. Baraza la kutoa maoni kuhusu mgodi huo ni haki ya wananchi na lazima liendelee. Hata hivyo, makofi ya waliohudhuria yasiandikwe kuwa ridhaa ya wote. Serikali ya kaunti iandae orodha ya maboma yote yatakayoguswa, iteue kwa bahati nasibu, na iwahoji wanawake bila waume zao kusimama kando. Na wewe msomaji, ukiletewa asilimia yoyote kuhusu watu wa kwenu, uliza kwanza ni nani hakuwa na nafasi ya kuulizwa.