Mugonjwa wa kansere si mutu wa kutupa

Mutu wa kazi akiambiwa ana kansere, anawaza mara moja mukate wa watoto. Ndiyo maana wengi wanamuficha mukubwa wa kazi, wanakawia hospitali, na ugonjwa unazidi.

Ujue hivi: sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema, mufanyakazi akilala juu ya ugonjwa, patron anamulipa 2/3 za mushahara, na matunzo ya hospitali ni juu yake. Lakini miezi 6 ikipita bila kurudi kazini, patron anaweza kuvunja kontra. Hapo ndipo moyo wa mukubwa unajulikana.

Wewe kapita, ongea naye pembeni, usitangaze ugonjwa wake. Muulize: «Ndugu, kazi gani utaweza?» Dawa za kansere zinachokesha mwili. Basi mutoe kazi ya usiku, mupe kazi nyepesi, mwachie siku za munganga.

Na wewe mugonjwa, usiache kazi juu ya haya. Peleka karatasi ya munganga, onana na mujumbe wa sendika. Kujificha hakuponyeshi mutu.