Kumfuata mtoto Kanada: viza ipi, na shamba unamwachia nani?

Mama mmoja, msikilizaji wetu, alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Mwanawe yuko Kanada, ana mke na watoto wawili, na anataka mama akakae naye kwa muda mrefu. Mtu anayejiita wakala amemshauri auze shamba lake la kahawa na migomba ili akaunti yake ya benki ionekane imenona, halafu atamtafutia "viza ya miaka 5". Mama alikuwa na swali moja tu: auze?

Tulimwomba asubiri kwanza tupitie masharti. Tunayaandika hapa kwa sababu swali hili si la kwake peke yake. Wazazi wengi wa vijijini wana watoto ughaibuni, na wajukuu wanazaliwa huko.

Njia ni tatu

Ya kwanza ni viza ya kawaida ya mgeni. Inaweza kutolewa ikiwa na uhai wa hadi miaka 10, lakini huo si muda wa kukaa. Kwa kawaida, kila unapoingia Kanada unaruhusiwa kukaa miezi 6. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanaona tarehe ya mbali kwenye pasipoti, wanadhani wanaweza kukaa mpaka siku hiyo. Mwenye kutaka kubaki zaidi huomba kuongezewa muda kabla ule wa kwanza haujaisha.

Ya pili ndiyo ile anayoitangaza wakala. Inaitwa Super Visa, na ilianzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wazazi, mabibi na mababu. Tangu Julai 2022 mwenye viza hii anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa kila safari; zamani ilikuwa miaka 2. Ila mtoto au mjukuu anayekualika lazima awe raia wa Kanada au mkazi wa kudumu. Kama yuko huko kwa masomo au kwa kibali cha kazi cha muda, mlango huu kwako bado umefungwa.

Ya tatu ni udhamini wa kuwa mkazi wa kudumu. Nafasi zake ni chache, na waombaji huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa miaka kadhaa sasa majina yamekuwa yakichukuliwa kutoka kwa watu waliojiandikisha mwaka 2020. Mtoto hutia saini kumtunza mzazi kwa miaka 20 katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Naye mzazi akishapata ukazi, anatakiwa awepo Kanada walau siku 730 katika kila miaka 5 ili asiupoteze. Kwa mtu anayetaka kurudi kila msimu kuangalia shamba lake, hesabu hiyo si nyepesi.

Anayepimwa mfuko kwanza ni mtoto

Hapa ndipo ushauri wa wakala unapoanza kuyumba. Kwa Super Visa, mtoto ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa kipato chake kinafikia kiwango kilichowekwa na serikali ya Kanada. Kiwango hicho hubadilishwa kila mwaka, na hutegemea idadi ya watu. Kwa mama yetu, wanahesabiwa mwanawe, mkwewe, wajukuu wawili na yeye mwenyewe: watu watano. Kwa viwango vya 2025, familia hiyo ilihitaji zaidi ya dola 60,000 za Kanada kwa mwaka. Kipato cha mke kinaweza kujumlishwa na cha mume.

Ushahidi wake ni karatasi za mtoto mwenyewe, hasa taarifa yake ya kodi. Pia ataandika barua ya mwaliko akiahidi kumgharamia mzazi muda wote wa kukaa. Kama kipato cha mtoto hakifiki, fedha za kuuza shamba hazitaifanya karatasi yake ya kodi isome vingine.

Bima ndiyo gharama inayosahaulika

Mgeni hapati matibabu ya bure Kanada, hata kama mwanawe analipa kodi huko. Kwa sababu hiyo, mwombaji wa Super Visa lazima awe na bima binafsi ya afya ya angalau mwaka mmoja, yenye uwezo wa kulipia matibabu, kulazwa hospitali na kurudishwa nyumbani hadi dola 100,000 za Kanada. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 150 za Tanzania. Pia anapimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na serikali ya Kanada.

Bei ya bima hupanda kulingana na umri na maradhi. Mzazi mwenye presha au kisukari asome masharti pamoja na mtoto wake, maana zipo bima zisizolipia ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Kuficha ugonjwa ili bei ishuke ni hatari: siku ya kulazwa, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Viza ya kawaida ya mgeni hailazimishi bima hiyo. Lakini ugonjwa nao hauulizi umekuja na viza gani. Hata anayekwenda kwa miezi 3 kumsaidia binti yake aliyejifungua, ni busara awe nayo.

Shamba ni ushahidi wako

Kwa viza ya mgeni na kwa Super Visa, afisa anatakiwa kuridhika kwamba muda ukiisha utarudi kwenu. Huangalia una nini cha kukurudisha: familia, nyumba, mali. Aliyeuza kila kitu amepunguza mwenyewe sababu za kurudi. Halafu viza ikikataliwa, ada haitarudi, na shamba nalo limeshakwenda.

Lipo jambo jingine ambalo mawakala hawaligusi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaeleza namna ardhi ya kimila inavyoweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Sababu mojawapo ni mwenye ardhi kuondoka nchini bila kumwachia mtu wa kuisimamia na bila kuitaarifu halmashauri ya kijiji. Nyingine ni ardhi kukaa bila kutumika kwa muda usiopungua miaka 5. Sasa linganisha na miaka 5 ya Super Visa. Mzazi anaweza kufuata sheria zote za Kanada, kumbe nyumbani anajitengenezea mgogoro.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya safari, andika barua kwa halmashauri ya kijiji kupitia kwa mtendaji. Taja nani anabaki na shamba, kwa muda gani, na mazao yatagawanywaje. Ndugu washuhudie, na nakala ibaki kwako. Kama unalipwa pensheni, uliza mfuko wako utafanyaje uhakiki ukiwa nje.

Tunavyoona sisi

Kwa mzazi ambaye hajawahi kuishi mbali na kijiji chake, tunaona viza ya kawaida ni mwanzo mzuri. Miezi kadhaa inatosha kujua kama baridi ya huko unaiweza, kama wewe na mkweo mnapatana, na kama siku nzima ndani na wajukuu, bila jirani wa kupiga naye hodi, ni maisha unayoyataka. Kumbuka kuwa viza zote hizi mbili hazikupi ruhusa ya kuajiriwa. Ukiona panakufaa, Super Visa inaombwa ukiwa nje ya Kanada, kwa hiyo utarudi kwanza nyumbani.

Maombi hufanyika kwenye tovuti ya serikali ya Kanada. Ada ni dola 100 za Kanada, na dola 85 za alama za vidole na picha. Hakuna wakala mwenye uwezo wa kuahidi viza.

Mama yetu tumempa jibu: asiuze. Kwanza amwombe mwanawe amtumie taarifa yake ya kodi na bei ya bima. Karatasi hizo mbili zitamwambia kama safari ipo, kabla hajagusa hata mche mmoja wa kahawa.