AFYA YA NYUMBA: Minyoo ya Tumbo na Majira ya Mvua

Mtoto wa Mtopanga akivimba tumbo mwezi wa Agosti, wazazi wake huwaza chakula alichokula jana. Kwa maradhi mengine hesabu hiyo ni sawa, lakini kwa minyoo yapasa irudishwe nyuma sana. Yai la mchango likimezwa, hupita miezi miwili au mitatu hata mnyoo ukomae na kuanza kutaga. Basi mgonjwa wa Agosti yamkini aliyameza mayai mwezi wa Mei, katikati ya masika, maji ya mvua yalipokuwa yakitoka vyooni na kutuama uwanjani ambapo watoto huchezea.

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote Mombasa, na minyoo ya safura huupenda. Hiyo haina haja ya kumezwa. Mayai yake yakiangukia mchanga wenye unyevu, joto na kivuli, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi wake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hujishikiza utumboni na kunyonya damu. Mkulima wa mchicha aonekanaye mvivu, mwenye viganja vyeupe na pumzi fupi, pengine si mvivu hata kidogo. Damu yake imekwisha.

Jua la Januari na Februari huwaua viluwiluwi walio katika mchanga mkavu. Kwa hiyo wengi husema kwamba kiangazi huponya. Sivyo. Mnyoo uliokwisha kuingia tumboni huweza kuishi mwaka mzima na zaidi, wala haujui kama nje kuna mvua au jua. Mchango mmoja wa kike hutaga mayai hata 200,000 kwa siku moja, na mayai hayo hukaa udongoni miaka kadhaa yakingoja mkono wa mtoto. Ndiyo maana idadi ya wenye minyoo haipandi na kushuka upesi kama maji ya kisima. Kinachopanda wakati wa mvua ni maambukizo mapya, na akiba ya kiangazi ndiyo mbegu yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria wenye minyoo iambukizwayo kwa udongo kuwa watu bilioni 1.5.

Kisauni ina taabu yake yenyewe. Visima na vyoo vya shimo vimechimbwa karibu karibu katika mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na mvua kubwa ikinyesha, maji ya chini hupanda na uchafu wa choo huingia kisimani. Hapo amiba na vidudu vingine vya kuhara hupata njia. Klorini huua vijidudu vingi, lakini mayai ya mchango huistahimili, maji yachemshwe.

Dawa ipo, na ni nzuri. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliwapa dawa watoto wa shule zaidi ya milioni 3, na mwaka 2012 mpango huo ukaanzishwa upya kwa nguvu zaidi. Lakini safura huwashika hata wakubwa, nao hawaendi shule. Jambo hili lilipimwa Kwale, ng'ambo ya Likoni, kati ya mwaka 2015 na 2017, katika sehemu 120. Pale walipotibiwa watoto peke yao mara moja kwa mwaka, wenye safura walipungua kutoka kama 19 katika kila watu 100 hadi 14. Pale kila nyumba ilipopelekewa dawa mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka kama 21 hadi 6. Tofauti hiyo si ndogo, na baba anayemeza kidonge pamoja na wanawe hapotezi heshima yake.

Hata hivyo dawa haizuii minyoo kurudi. Huko Pemba, katika miaka ya 1990, watoto waliotibiwa walionekana kuwa nayo tena kabla ya miezi sita kwisha. Linalobaki ni choo, na hapa ndipo penye ugumu ambao Bwana Afya hawezi kuumaliza kwa maneno. Pwani, watu wengi wana nyumba lakini ardhi ni ya mwingine. Mwenye nyumba huogopa kuchimba shimo la kudumu na kulijengea, asije akaambiwa kesho ahame. Mwenye ardhi naye huogopa choo cha mawe kisije kikawa ushahidi wa haki. Katikati yao mtoto hujisaidia nyuma ya ukuta. Wale waliokwisha kuandikiana karatasi, kwamba choo ni cha afya tu wala si dai la ardhi, wafaa kuchimba mwezi wa Februari, maji ya chini yakiwa yameshuka, mbali na kisima kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mwezi wa Mei shimo hujaa maji kabla ya jembe kutoka.