Hiyo Datsun Yako Si Ya Safari Rally

Wadau, muuzaji akiapa kuwa 240Z yake bado iko na injini ya kiwandani, asikuzubaishe na stori za Safari Rally. Sawa, ilishinda 1971, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Hiyo yake imepitia mafundi wangapi?

Futa grisi, soma namba iliyogongwa kwenye bloku. L24 ni lita 2.4. L28 ni lita 2.8, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Tapeti kava usiiamini, inahamishwa tu.

Mimi L28 naichukua, iko na nguvu. Garissa tunabadilisha injini za Land Cruiser na hakuna anayeficha. Ila nisilipishwe bei ya L24 ya asili! Na namba isipolingana na kitabu cha gari, kizuizini daraja la Tana utaulizwa wewe, si yeye.